Kikao cha Mama Kimekwisha: Je, Tunaruhusiwa Kusoma kwa Raha?



Wapendwa wasomaji, Juni na Julai ni miezi ambayo wengi wetu tuko nyumbani. Mafrateri wamefunga masomo, na ndugu wanaofanya kazi Songea, Njombe au Dar es Salaam wanaomba ruhusa waje kuwaona wazazi. Huku juu Umatengo ni wakati wa baridi na ukungu, na kahawa inachumwa. Kule chini ziwani, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, upepo wa mwera unavuma, na kuna siku mitumbwi inalala ufukweni. Kwa kuwa watu wanapatikana, ndiyo miezi ya vikao vya familia. Siku hizi ajenda ya vikao vingi ni moja: mama au baba amezeeka, tufanyeje?

Ndugu wanafika Ijumaa jioni. Jumamosi wanakaa kikao kutwa nzima. Jumapili baada ya Misa wanaagana, na Jumatatu nyumba inabaki kimya. Frateri aliyebaki nyumbani bado ana wiki kadhaa za likizo, na ndani ya begi lake kuna kitabu alichokuwa anatamani kukisoma tangu muhula uanze. Hapo linakuja swali ambalo tumelisikia kwa mafrateri na kwa waamini pia: je, ni halali kukaa barazani na kusoma hadithi kwa raha, wakati mama yuko ndani na hajiwezi? Kuna wanaoona aibu hata kukifungua kitabu. Kuna na wanaokifungua na kujificha humo mpaka likizo inakwisha.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: ndiyo, ni halali, na zaidi ya kuwa halali ni msaada kwa familia. Lakini lipo sharti moja: zamu kwanza, kitabu baadaye. Tueleze sasa kwa nini.

Kikao kinaacha nini nyuma yake

Vikao hivi si jambo jipya kwetu. Wamatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, na baada ya chakula wakazungumza mambo yao, wakaonya vijana na kumaliza magomvi. Chakula kilitangulia maneno, na hiyo ilikuwa busara, maana watu waliotoka kula chungu kimoja hawarushiani maneno makali kwa urahisi. Vikao vyetu vya leo mara nyingi vina haraka. Mmoja anawahi basi, mwingine anapigiwa simu ya kazini, na mambo ya miaka kumi yanataka kumalizwa kwa mchana mmoja.

Tuchukue mfano wa familia ambayo si ya mtu yeyote, lakini wasomaji wengi wataitambua. Mama ana miaka zaidi ya 80, anaishi kijijini juu ya mji wa Mbinga. Mtoto wa kwanza yuko Dar es Salaam. Wa pili, binti, ameolewa Mbamba Bay. Wa tatu ni mwalimu Songea, wa nne ni frateri, na kitinda mimba, binti, ndiye anayeishi na mama. Baba mdogo anaongoza kikao, naye frateri anaombwa afungue kwa sala. Wanajadili fedha za dawa, nani ataangalia kahawa, na kama mama ahamie Mbamba Bay kwa binti yake. Barabara ni ya lami, kilometa 66 tu, tena ziwani hakuna baridi ya kuumiza magoti. Wanazungumza saa mbili kabla mtu hajamgeukia mama mwenyewe na kumuuliza. Naye anajibu taratibu kwamba kaburi la baba yao liko hapa, mibuni aliyoipanda naye iko hapa, na yeye hana safari.

Kisha wanapanga zamu. Mmoja atakuja Agosti, mwingine Desemba, mwingine atatuma fedha kila mwezi. Wanapofika kwa frateri, baba mdogo anasema, "Huyu ni wa Kanisa. Tumwache na masomo yake." Wote wanaitikia. Kitinda mimba haitikii. Anainuka kwenda kutazama chungu jikoni.

Kikao kama hicho kinaacha uchovu ambao usingizi hauumalizi. Tumemwona mzazi wetu akijadiliwa kama shamba. Tumesikia ndugu wakihesabiana nani alitoa nini. Na tumeelewa, labda kwa mara ya kwanza, kwamba aliyekuwa akitubeba sasa anabebwa. Moyo unahitaji mahali pa kutua. Ndiyo maana mtu anatamani kitabu, na si dhambi kukitamani.

Jihadhari na Korbani ya siku hizi

Kabla ya kukifungua, turudi kwa yule binti aliyekwenda jikoni. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana Yesu anawakemea watu waliopata njia ya kidini ya kukwepa wazazi. Walikuwa wakisema kwamba mali ambayo ingewasaidia baba na mama imekwisha kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, basi wazazi hawana haki nayo tena. Yesu anasema kwamba kwa kufanya hivyo wanalitangua neno la Mungu.

Sisi tulio katika malezi ya seminari tunapaswa kulisoma fungu hilo polepole. Neno "huyu ni wa Kanisa" linaweza kuwa heshima ya kweli, na linaweza pia kuwa Korbani. Frateri hana mshahara, na baada ya likizo hatakuwapo. Hayo yanaeleweka. Lakini katika wiki alizopo ana mikono. Anaweza kuteka maji, kupasua kuni, kufua mashuka, kumwongoza mama hadi chooni usiku, kumpeleka kliniki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokua wajibu wao wa kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa faraja, kadiri wawezavyo, hasa katika uzee, ugonjwa na upweke. Mafrateri hawakuondolewa katika wajibu huo. Tena Bwana mwenyewe, akiwa msalabani, alihakikisha Mama yake ana nyumba ya kukaa.

Kwa hiyo tujiulize swali moja la wazi: saa ninayosoma, nani anafanya kazi ambayo ningeifanya? Kama jibu ni dada yangu, yuleyule aliyekaa na mama mwaka mzima, basi raha yangu ameilipia yeye. Anayestahili likizo ya kwanza katika nyumba hiyo ni yeye. Pengine zawadi kubwa ya frateri ni kumwambia, "Dada, kuanzia leo asubuhi za mama ni zangu. Wewe nenda kwaya, nenda kwa rafiki zako, lala." Akishafanya hivyo, saa yake ya kusoma jioni ni halali, na ataisoma kwa moyo mweupe.

Kanisa linasema nini juu ya kusoma hadithi

Wengine wetu tumelelewa tukiamini kwamba kusoma ni kwa ajili ya mtihani. Kitabu cha falsafa ni kazi, Biblia ni sala, lakini hadithi ni mchezo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitusahihisha. Tarehe 17 Julai 2024 aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni alikuwa amewakusudia wale wanaojiandaa kwa upadre, kisha akaipanua iwe kwa Wakristo wote. Humo anaitaja likizo wazi. Anasema kwamba siku za likizo zinapochosha kwa ukimya na joto, kitabu kizuri huwa kama chemchemi jangwani, na hutukinga na mambo mengine yasiyotujenga. Kwetu Umatengo badala ya joto weka baridi. Mengine yote ni yaleyale.

Baba Mtakatifu alizungumza kwa uzoefu. Kati ya mwaka 1964 na 1965, akiwa na umri wa miaka 28, alifundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina. Wanafunzi wake hawakupenda utenzi wa kale uliokuwa katika mtaala. Walitaka mwandishi wa karibu na wakati wao, García Lorca. Hakuwalazimisha. Aliwaambia ule wa kale wausome nyumbani, na darasani wakazungumza juu ya waandishi waliowapenda. Anatufundisha kwamba msomaji aanze na kile ambacho maisha yake yanakiuliza. Mtu ambaye jana alikuwa kikaoni juu ya mama yake ana maswali yake tayari. Asijilazimishe kuanza na kitabu kinene cha sheria ya Kanisa.

Katika barua hiyohiyo anasema alipenda maelezo ya Borges, mwandishi wa kwao Argentina, kwamba kusoma fasihi ni kuisikiliza sauti ya mtu. Hapo ndipo kusoma kunapokutana na kumtunza mzazi. Mzee anazungumza polepole. Anaanza habari katikati, anarudi nyuma, anamtaja mtu tusiyemjua, anarudia leo alichosema jana. Simu imetuzoesha kuruka kila kinachochelewa, lakini hadithi ndefu haikubali kurukwa. Mtu aliyezoea kukaa kurasa mia akingoja kujua kwa nini mhusika fulani ni mkali, anajifunza kungoja pia kwa mama yake. Tunaposoma vizuri, masikio yetu yanarudi nyumbani yakiwa na subira zaidi.

Vitabu vitatu vya kuanzia

Cha kwanza kimo tayari nyumbani mwa kila Mkatoliki mwenye Biblia kamili: Kitabu cha Tobiti. Kina sura 14 tu, na mtu anaweza kukimaliza jioni mbili. Ni habari ya familia yenye mzee asiyeona. Tobiti anapofuka, na mke wake Ana analazimika kufanya kazi za mikono ili wale. Siku moja matajiri wake wanamwongezea mwanambuzi juu ya ujira wake. Tobiti anasikia mnyama analia na kumshuku mkewe kwamba ameiba, nao wanagombana vibaya. Kila anayemtunza mgonjwa nyumbani anaijua siku hiyo: unachoka kwa ajili ya mtu, naye anakutilia mashaka. Kijana wao Tobia anatumwa safari ya mbali, na mama yake anakaa akiitazama njia. Anarudi na nyongo ya samaki, nayo inayafungua macho ya baba yake. Wenzetu wa ziwani wanaojua mbasa na hangu watacheka kidogo hapo, halafu watanyamaza.

Cha pili ni kirefu, cha kurasa zaidi ya 600: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Huyu ametoka ziwa jingine, katika kisiwa cha Ukerewe, lakini ni mtu wa nyumbani kwetu kiroho. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya, hakufikia upadre, akaoa, akawa katekista. Kitabu chake alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Kwa miaka mingi hakikupata mchapishaji, basi mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 akiwa mzee sana. Kinasimulia ndoa ya watu wawili waliochelewa kupata mtoto, na maneno ya ndugu juu yao, kisha maisha ya watoto wao. Yeye na mke wake Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja. Tukikumbuka hilo tunaposoma, tunaelewa kwamba mwandishi aliyajua maneno ya ndugu kwa kuyasikia. Tena alikiandika ili desturi za wazee wa Ukerewe zisipotee, yaani alikaa chini akasikiliza wazee kabla ya kushika kalamu.

Cha tatu ni chembamba: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Yeye alikuwa Mwislamu wa Tanga, nasi tunamsoma kwa heshima kama jirani. Anaeleza kifo cha mke wake Amina, kazi yake serikalini, na mausia aliyowatungia watoto wake. Kitabu hiki kinamfaa msomaji anayejiuliza mzazi wake angesema nini kama angepewa nafasi ya kusema yote.

Hatusemi hivi ndivyo vitabu pekee. Kama unapenda hadithi za upelelezi, soma. Uliza maktaba ya seminari, uliza paroko, azima kwa mwalimu wa kijijini. Ila rudisha.

Kusoma pamoja na mzee

Siku nyingine kitabu kinaweza kutoka barazani na kuingia jikoni, kwenye moto, anakoota mama. Haya ni mambo machache ambayo familia zimeona yanasaidia.

Kwanza, hakikisha anasikia na kuona. Wazee wengi wanasemwa kwamba uzee umewafunga macho, kumbe ni mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji. Basi kabla ya kusema "mama haoni tena", apelekwe apimwe. Ukimsomea, kaa mbele yake aone midomo yako, soma taratibu, usipaze sauti kama unayemgombeza.

Pili, soma kidogo. Dakika kumi na tano zinatosha. Mlango mmoja wa Tobiti, au sehemu fupi ya hadithi. Ukisha kusoma, eleza kwa lugha yake, iwe Kimatengo, Kinyasa, Kimanda au Kimpoto. Hapo frateri atagundua kama ameelewa alichosoma, maana bibi hakubali maneno magumu ya darasani.

Tatu, akikukatiza, mwache. Ukisoma habari ya Ana na yule mwanambuzi, naye akaanza kusimulia mbuzi wa shangazi yake, funga kitabu. Umepata ulichokuwa unakitafuta. Muulize jinsi walivyochimba ngoro alipokuwa msichana: wanaume wakifyeka na kupanga majani, wanawake wakichimba udongo na kuyafunika. Muulize kahawa ya kwanza aliiona wapi. Kama anaridhia, andika katika daftari. Kitabu cha Kitereza kilitokana na subira ya namna hiyo.

Nne, kama kumbukumbu zake zinapotea, usimsahihishe kila mara. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anamwonya mwana amsaidie baba yake katika uzee, na hata akili za baba zikipungua amvumilie wala asimdharau. Mzee anayekuita kwa jina la kaka yako aliyefariki hahitaji mtihani. Anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Tano, umuulize yeye anataka nini kisomwe. Katika kikao chetu cha mfano mama aliulizwa mwishoni kabisa. Mara nyingi hatuwaulizi wazee kwa kudhani tunawapunguzia mzigo, kumbe tunawaondolea sauti. Kuchagua hadithi ni jambo dogo, lakini ni uamuzi, na ni wake.

Kwa waamini wasio mafrateri

Haya yote hayawahusu wanaseminari tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na iliitazama familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo yake. Maana yake mzigo uko nyumbani, na nyumbani mara nyingi ni kwa mwanamke mmoja. Tunawaomba akina mama wa WAWATA, viongozi wa jumuiya ndogondogo na vijana wa parokia waangalie katika jumuiya zao ni nani anayetunza mzee bila kupokewa. Saa mbili za kukaa na mzee huyo ili mtunzaji apumzike ni tendo la huruma. Kama mtunzaji anapenda kusoma, mpelekeeni kitabu. Kama hapendi, mwacheni alale.

Tangu mwaka 2021, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, Kanisa zima linaadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee katika Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, tarehe 26 Julai. Siku hiyo inatukuta katikati ya likizo. Ni nafasi nzuri ya kufanya kikao cha pili, kifupi, kwa mtindo wa sengu: kula kwanza, kuzungumza baadaye, mama akiwa ndani ya mazungumzo tangu mwanzo, na zamu ya frateri ikiandikwa kama za wengine.

Likizo itakwisha, na frateri atafunga begi lake. Paroko ataandika ripoti yake juu ya Misa alizohudhuria na kazi alizofanya parokiani. Ripoti nyingine haitaandikwa popote, lakini dada yake anaijua: kama asubuhi za mama zilipata mtu, na kama yeye mwenyewe alipata usiku wa kulala. Tukiwa na amani na ripoti hiyo ya pili, tufungue vitabu vyetu bila hofu, tucheke panapochekesha, na mama akiuliza kutoka ndani tunacheka nini, tuingie tumsomee.